Barua Ilipotoka, Picha Zilikuwa Zimekwisha Kuungua

Risala ya wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu wa historia ya upigaji picha kwa Makamu Mkuu wa Chuo na wajumbe wa Seneti

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,
Waheshimiwa wajumbe wa Seneti,
Walimu wetu wapendwa,

Sisi ni wanafunzi saba wa Shahada za Uzamili na Uzamivu tunaosoma historia ya upigaji picha ndani ya Idara ya Historia. Watano kati yetu tunatafiti studio za mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa. Mmoja anatafiti picha za wamisionari wa Kilimanjaro, na mmoja picha za vitambulisho. Tumekaa kimya muda mrefu tukitumaini kwamba mambo yatatengemaa. Tukio la mwaka jana ndilo lililotushika mkono tukaandika.

Mwenzetu alipata habari kwamba mpiga picha mmoja mkongwe katika mji wa mwambao amefariki dunia, na warithi wanataka kuipangisha fremu iliyokuwa studio yake. Alipofika alikuta negativu za zaidi ya miaka thelathini zimehifadhiwa kwenye makopo ya biskuti na bahasha za kaki. Kila bahasha ilikuwa na namba, na namba hizo zilikuwa zimeandikwa kwenye madaftari makubwa pamoja na jina la mteja, tarehe, idadi ya nakala na pesa aliyotanguliza. Warithi hawakuwa na choyo. Walisema, "Chukua, mwanetu, lakini tuletee barua ya chuo, kesho watu wasije wakasema tumeuza sura za wake zao." Lilikuwa neno la haki. Mwenzetu alirudi akaandika maombi ya barua ya utambulisho siku hiyohiyo.

Faili lilitoka idarani likaenda kwenye ndaki, likarudishwa kwa kukosa muhuri, likaenda kurugenzi ya masomo ya uzamili, likarudi tena likiwa na swali la kalamu nyekundu pembeni: mwanafunzi wa historia anataka negativu za nini? Barua ilitoka baada ya miezi minne. Siku alipoifikisha, fremu ile ilikuwa inauza simu. Makopo na bahasha vilikuwa vimepakiwa kwenye mkokoteni, vikapelekwa jalalani na kuchomwa pamoja na taka za mtaa. Lilisalia daftari moja tu, ambalo fundi cherehani wa jirani alilichukua kwa kuwa lilikuwa na kurasa tupu za kuandikia vipimo vya wateja wake.

Daftari hilo tunalo. Ndani yake kuna majina ya mabwana na mabibi harusi, watoto waliotimiza arobaini, mabaharia, wanafunzi wa madrasa, vijana waliokuwa wakiomba pasi za kusafiria. Hakuna hata sura moja. Wakati huohuo, katika makavazi ya Ulaya na Marekani zimo sura za watu wetu kwa maelfu, na nyingi hazina majina. Sisi tuna majina yasiyo na picha, wao wana picha zisizo na majina. Kuvikutanisha viwili hivi ndiyo kazi tuliyokuja kuisomea, na ndiyo kazi ambayo taratibu za chuo chetu zinatuzuia kuifanya.

Mheshimiwa, mara nyingi tunaulizwa, hata na walimu tunaowaheshimu sana, kama somo hili si la wale waliovumbua kamera. Mbinu ya Daguerre ilitangazwa hadharani Paris mwezi Agosti 1839. Haikutimia miaka kumi ikawa imefika kwetu: nahodha Mfaransa Charles Guillain alipita pwani hii kati ya 1846 na 1848, na albamu ya safari yake ina michoro iliyochapwa kutokana na picha zilizopigwa huku. Mwaka 1860 James Augustus Grant alipiga picha Unguja kabla ya kwenda bara pamoja na Speke. Karne ya 19 haijaisha, Mji Mkongwe ulikuwa tayari na studio za Wagoa, kama ya A. C. Gomes na ya ndugu wa Coutinho. Dar es Salaam ya Wajerumani ilikuwa na C. Vincenti na Walther Dobbertin. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Unguja. Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifundisha ufundi mwenyewe, akawa anakata na kubandika picha hata uso wa mteja unachomoza katikati ya maua. Kwa hiyo, mtu akisema somo hili ni geni, tunamwomba ahesabu miaka. Kamera ilifika pwani yetu kabla ya reli, kabla ya wakoloni kugawana nchi, na kabla ya chuo chochote cha aina ya hiki chetu.

Kilicho kigeni ni mahali linakosomwa. Kazi ya Bakor na ya wapiga picha wenzake wa mwambao imeandikwa kwa kina na Heike Behrend, Mjerumani, katika kitabu kilichotoka mwaka 2013. Tumekisoma na tumefaidika nacho. Lakini kijana wa Lamu anayetaka kumjua Bakor kwa undani hana budi kumsoma kwa Kiingereza, katika kitabu kilichochapwa Bielefeld. Mkusanyiko wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, uko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Evanston, tangu mwaka 2002. Picha za Chama cha Kikoloni cha Ujerumani, zipatazo 55,000 kwa makoloni yote, ziko Frankfurt. Wenye hazina hizo wameweka nyingi mtandaoni, tunazitazama bila malipo, na kwa hilo tunawashukuru.

Ila soma maelezo ya picha za aina hiyo, popote zilipo. Jina la afisa lipo na cheo chake kipo. Jina la mlima lipo. Aliyebeba mizigo ya afisa kupanda mlima huo ameandikwa "mpagazi". Mwanamke aliyevaa nguo zake nzuri, akapaka wanja, akaketi mbele ya pazia la studio na kumtazama mpiga picha machoni, ameandikwa "mwanamke wa Kiswahili". Maelezo hayo ndiyo yanayonakiliwa kitabuni, kutoka kitabuni yanaingia kwenye maonyesho, na kutoka kwenye maonyesho yanatua kwenye tasnifu zetu.

Mapema mwaka huu mmoja wetu alichapa picha kumi na mbili kutoka mkusanyiko mmoja wa ng'ambo, akampelekea bibi mmoja wa Bagamoyo mwenye miaka 84. Picha ya kwanza ilionyesha wanawake watatu wameketi barazani, na maelezo yake yalisema ni ya "takriban 1930". Bibi hakuanza na nyuso. Aliangalia kanga. Akaitaja kwa jina lake, akasema ilitoka mwaka aliochezwa yeye unyago, na mama yake alipigana na muuza duka ili aipate. Kisha akaangalia mlango akasema mlango ule ulikuwa wa nyumba fulani, umekwisha kung'olewa na kuuzwa. Ndipo akatazama nyuso, akanyamaza kidogo, akawataja wote watatu, mmoja kwa jina la utani. Kwa muda usiofika nusu saa picha ile ilisogea zaidi ya miaka ishirini mbele na kupata watu ndani yake. Walitazama tatu tu siku ile kwa sababu bibi alichoka. Walikubaliana mwenzetu arudi. Alipopata tena nauli, bibi alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Picha tisa hakuziona.

Tunaeleza haya kwa urefu kwa sababu tunataka Seneti ielewe kwamba saa yetu haiendi kwa kalenda ya mihula. Wanaojua majina ni wazee. Mwanafunzi wa uchumi akicheleweshwa miezi minne, takwimu zake zinamngoja. Sisi vyanzo vyetu vinazikwa.

Na hata negativu zinazobaki zinakufa zenyewe. Ukifungua kopo lililokaa miaka arobaini katika joto la pwani, kabla hujaona chochote utasikia harufu ya siki. Filamu nyingi za karne ya 20 zilitengenezwa kwa asiteti, na asiteti ikishikwa na joto na unyevu huoza ikitoa asidi ileile ya siki. Asidi hiyo huharakisha kuoza kwa filamu na kuambukiza zilizo karibu. Filamu hunywea, ngozi yake ya juu hukunjamana, na picha haisomeki tena. Kuna vikaratasi vya kupimia ambavyo hubadilika kutoka bluu hadi njano kadiri asidi inavyozidi. Mwaka uliopita tulivinunua wenyewe kwa kuchangishana, tukavitia katika makopo ya studio nne zilizokubali kutufungulia. Vingi vilikuwa vimekwisha kugeuka kijani kabla ya wiki kwisha. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 nazo zinageuka nyekundu, sura baada ya sura. Dawa yake kubwa ni ubaridi. Si lazima kujenga jengo jipya: friza za kawaida na mifuko isiyopitisha unyevu vinaweza kuokoa mengi. Tuliomba friza mbili. Tulijibiwa kwamba friza ni kifaa cha idara za sayansi. Chumba cha giza kilichokuwa kikitumika zamani kufundishia kusafisha picha kimejaa viti vibovu, na ufunguo wake hakuna anayejua uliko.

Kuhusu tasnifu, mwongozo wa chuo unazihesabu picha kuwa viambatisho. Maana yake, mwanafunzi anayesoma picha anatakiwa aandike sura tano za maneno na aiweke nyuma ile hati anayoizungumzia, kama mtu anayeandika uhakiki wa utenzi kisha akauambatisha utenzi wenyewe mwishoni, kwa nakala iliyofifia. Mmoja wetu hoja yake yote imo migongoni mwa picha: mihuri ya studio, mwandiko wa penseli, bei, jina la aliyepelekewa. Hizo ndizo zinazoonyesha picha ilipita mikono ya nani na kwa nini. Aliagizwa aziondoe kurasa za migongo kwa maelezo kwamba hazionyeshi kitu. Mwingine alitakiwa na makavazi moja ya ng'ambo alipe ada kwa kila picha kabla ya kuichapa katika tasnifu, picha za mtaa aliozaliwa babu yake. Alikiomba chuo kimwandikie barua ya kuomba msamaha wa ada hiyo. Hakuna ofisi iliyokubali kuwa hilo ni jukumu lake. Alizifuta picha, na tasnifu ikapita ikiwa na miraba mitupu.

Hatuwalaumu wasimamizi wetu. Wamesomea historia ya kilimo, ya vyama vya wafanyakazi, ya dini, na wanatusaidia kwa moyo kuliko wanavyolipwa. Lakini hakuna hata mmoja aliyefundishwa kutofautisha karatasi ya ute wa yai na karatasi ya jelatini, au kuukadiria mwaka wa picha kwa kadi iliyobandikwa juu yake. Kwingineko ujuzi huu una madarasa yake: St Andrews na Leicester, Uingereza, zimefundisha historia ya picha kwa ngazi ya uzamili, na Toronto imefundisha uhifadhi wa picha kwa kushirikiana na George Eastman Museum ya Rochester. Wawili kati yetu waliomba nafasi fupi za mafunzo ng'ambo. Mmoja alinyimwa viza. Wa pili aliipata, lakini chuo kilichelewa kumpa ruhusa hadi kozi ikaisha.

Labda mtasema kazi kama hii haiwezekani kwa vyuo vya kwetu. Inawezekana, na jirani zetu wameifanya. Kampala, negativu zipatazo 70,000 za wapiga picha wa serikali ya Uganda zilikuwa zimelala katika Shirika la Utangazaji la nchi hiyo. Shirika lilishirikiana na Makerere na vyuo vya Michigan na Western Australia kuziingiza katika kompyuta, na mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yakaonyesha picha za enzi za Idi Amin, watu wakaja kuzitazama na kusema wanachokumbuka. Huko Gulu, mabaki ambayo studio huyatupa yamegeuka hati. Studio moja ilikuwa ikikata uso wa mteja kutoka picha kubwa ili ipatikane picha ya kitambulisho, na kilichobaki ni mtu mzima aliyeketi, mikono magotini, shati la Jumapili, na tundu la mraba mahali pa uso. Mpiga picha Martina Bacigalupo alivikusanya vipande hivyo, na mwaka 2013 vikatoka kama kitabu. Mwenzetu anayetafiti picha za vitambulisho amejifunza mengi zaidi kwa vipande hivyo kuliko kwa nadharia yoyote, na anauliza swali ambalo nasi tunalileta kwenu: studio ngapi hapa kwetu zimefagia vipande kama hivyo leo asubuhi?

Tunawaomba pia mlizingatie jambo moja ambalo wenye haraka ya kuweka kila kitu mtandaoni hawalizingatii. Nyumba nyingi za mwambao zina picha zilizofungiwa kabatini kwa sababu ya sitara. Mwanamke aliyepigwa picha akiwa hana buibui, kwa ajili ya mumewe aliyekuwa safarini, hakukubali kutazamwa na dunia, na kufa kwake hakujaiondoa haki yake ya kutotazamwa. Tumefundishwa maadili ya utafiti kwa fomu ya ukurasa mmoja iliyotungwa kwa ajili ya dodoso. Fomu hiyo haina mahali pa kuandika kwamba familia imeruhusu picha isomwe lakini isionyeshwe. Sisi wenyewe tumelazimika kuahidi kwa mdomo, na tumezishika ahadi hizo, lakini ahadi ya mwanafunzi inaondoka naye anapohitimu. Tunataka chuo ndicho kiahidi.

Kwa hayo yote, Mheshimiwa, tunadai na tunaomba yafuatayo.

Dai letu kubwa ni barua. Pawe na ofisi moja yenye mamlaka ya kutoa barua ya utambulisho ndani ya siku tatu za kazi pale picha au negativu zinapokuwa katika hatari ya kupotea, na mwanafunzi aruhusiwe kuzipokea kwa niaba ya chuo kwa hati ya amana inayosema wazi kwamba mali inabaki ya familia. Kama hili likitendeka peke yake na mengine yote yakingoja, bado tutakuwa tumeokoa mengi. Pamoja na hati hiyo iandikwe sera ya sitara, ikitungwa kwa kuwashirikisha wazee na wanawake wa miji tunayoifanyia kazi, wala isichukuliwe kutoka mwongozo wa nchi nyingine.

Mwongozo wa tasnifu urekebishwe ili picha, mbele na nyuma, ihesabiwe kuwa chanzo na ikae ndani ya sura inayoijadili. Kubadili aya moja ya mwongozo hakuhitaji bajeti. Tupewe chumba cha giza, friza mbili, skana moja ya negativu na nauli za kwenda kwa wazee, maana bibi wa Bagamoyo tulimkosa kwa kukosa nauli. Aajiriwe walau mwalimu mmoja aliyesomea uhifadhi wa picha, na hadi atakapopatikana, wapiga picha wakongwe wa studio walipwe kuja kutufundisha kama mafundi wanavyolipwa katika shule za uhandisi. Wanajua mengi kuhusu kemikali, karatasi na wateja kuliko vitabu vyetu, nao pia wanazeeka.

Mwisho wa madai yetu, chuo kiyaandikie makavazi yenye picha za nchi hii, kwa jina la chuo na kwa saini yako, kiombe nakala zenye ubora wa kutosha kusomeka jina la kanga, msamaha wa ada kwa tasnifu, na utaratibu wa kupokea masahihisho ya maelezo kwa Kiswahili, yakiwa na jina la aliyeyatoa. Bibi aliyewataja wanawake watatu anastahili kuandikwa kuwa ndiye aliyewataja.

Katika meza ya kurugenzi ya masomo ya uzamili ziko barua mbili za studio nyingine mbili. Warithi wa ya kwanza wametupa hadi mwisho wa mwezi huu. Wa pili hawakutaja tarehe, lakini dalali amekwisha kuonyeshwa fremu. Barua zote mbili zimechapwa na zina muhuri. Zinangoja saini, Mheshimiwa, na tunakuomba zisainiwe wiki hii.